Namna ya kulipima neno “hatia” kabla ya kulitamka au kuliandika

Katika komini ya Katuba, mjini Lubumbashi, karatasi ya kuitwa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, huwa haisomwi na mwenyewe peke yake. Imeandikwa kwa Kifaransa, na kwa hiyo hupita mikononi mwa kijana aliyemaliza sekondari, kisha mwalimu, kisha mzee wa kanisa, na kila mmoja huieleza kwa Kiswahili kadiri anavyojua, mpaka inapomfikia mama wa nyumba ikiwa imebaki na neno moja tu. Mimi ni mmoja wa hao walimu. Jirani yangu aliniletea karatasi ya mwanawe baada ya kusomewa na mtu mwingine, akiwa amekwisha kukopa fedha, akaniuliza hata kabla ya kuketi: “Mwalimu, banasema mutoto yangu eko na hatia. Nibalipe tu?” Niliisoma karatasi ile mara mbili. Halikuwamo ndani yake neno lolote lenye maana ya hatia. Lilikuwamo neno “inculpé”, na aliyelifasiri aliona ndani yake neno la Kilatini la hatia, “culpa”, akalichukua hilo akaacha maana ambayo sheria imelipa.

Maelezo yanayofuata nimewaandikia watu wanaosoma na kusema kwa niaba ya wengine: wakalimani, walimu, watangazaji wa redio, wazee wanaoketi kusuluhisha koo mbili, na kila mwana familia ambaye hupewa karatasi kwa sababu yeye ndiye aliyesoma. Nataka kuonyesha neno hatia limetoka wapi, lina maana zipi, na ni maswali gani yafaa kuulizwa kabla halijawekwa juu ya mtu.

Anza na asili ya neno, lakini usiishie hapo

Hatia ni neno lililotoka katika Kiarabu, katika neno khati'a, lenye maana ya dhambi au kosa zito. Lilipoingia katika Kiswahili lilipita njia ileile waliyopita wenzake wengi: sauti ya kh ililainika ikawa h, ta nzito ya Kiarabu ikawa t yetu ya kawaida, mkato wa koo uliokuwa kabla ya irabu ya mwisho ukamezwa, na i na a zikabaki zimeshikana. Anayetaka kujithibitishia kwamba njia hiyo ni ya kweli na si ya kubahatisha, na ayapange mezani maneno anayoyasema kila siku: habari ilikuwa khabar, hofu ilikuwa khawf, heri ilikuwa khayr, hasara ilikuwa khasara, na huduma ilikuwa khidma. Kanuni ikishatambulika katika maneno matano, la sita halisumbui tena.

Kanuni hiyohiyo, hata hivyo, imetuletea maneno yanayofanana kwa sura bila kuwa ndugu, na hapa ndipo watu wengi wenye nia njema hupotea. Hatari imetoka katika khatar. Hatua imetoka katika khatwa, yaani mwendo wa mguu mmoja. Hatima imetoka katika khatima, yaani mwisho wa jambo. Na hati imetoka katika khatt, yaani mstari au mwandiko. Nimewahi kumsikia mhubiri akiwaeleza waumini kwamba hatia ni “hati iliyoandikwa juu yako mbinguni”, na maelezo hayo yaliwagusa watu sana, lakini si asili ya neno. Hati na hatia zina mizizi miwili tofauti katika Kiarabu, na kufanana kwao kumetokea baada ya kuvuka bahari. Mwenye kufundisha anaweza kuitumia picha ya hati kama mfano wake mwenyewe, ila asiseme kwamba ndivyo neno lilivyozaliwa.

Ukitaka kuhakikisha asili ya neno la namna hii, nenda kwenye kamusi za zamani, na ulitafute katika herufi mbili, h na kh, kwa maana waandishi wa wakati ule waliandika sauti kama walivyozisikia pwani, ambako waliosoma Kiarabu walikuwa bado wakitamka kh. Kamusi ya Krapf ilitoka mwaka 1882, na ile ya Johnson mwaka 1939. Kwa msomaji wa Kongo, hata hivyo, yenye faida kubwa zaidi kwa maoni yangu ni ya padri Charles Sacleux, iliyochapishwa Paris mwaka huohuo wa 1939, kwa sababu imeandikwa kwa Kifaransa, nayo huonyesha neno linatoka katika lahaja gani na chimbuko lake ni lugha gani.

Sasa tuingie ndani ya mzizi wenyewe, kwa kuwa una jambo la kushangaza. Kitenzi cha Kiarabu cha mzizi huo, akhta'a, humaanisha kukosea, na pia hutumika kwa mpiga mshale ambaye mshale wake umepita pembeni ya shabaha. Kiebrania, ambacho ni ndugu wa Kiarabu, kina mzizi uleule, na katika kitabu cha Waamuzi 20:16, panaposimuliwa watu mia saba wa Benyamini wenye kutumia mkono wa kushoto, ambao kila mmoja aliweza kurusha jiwe kwa teo na kulenga unywele bila kukosa, kitenzi kilichotumika hapo kwa “kukosa” ni cha mzizi huohuo ambao kwingineko katika Biblia hufasiriwa “kutenda dhambi”. Maana ya kwanza ya neno hilo, basi, ilikuwa ya mkono uliolenga ukapita pembeni, na ndipo ikapanda hadi kwenye moyo na sheria.

Kiswahili hakikuhitaji kufundishwa na Waarabu jambo hilo, maana kina neno lake lenyewe la Kibantu lililotembea njia hiyohiyo. Mwindaji hulenga ndege akamkosa. Mgeni hufika nyumbani akamkosa mwenyeji. Na sisi wa Lubumbashi, mwisho wa mwezi ukikaribia, husema tumekosa makuta, yaani fedha. Kutoka katika kukosa huko kwa shabaha na kwa kitu ndipo limepatikana kosa, jambo ambalo mtu amelifanya kinyume cha inavyotakiwa. Na Kifaransa nacho kimepita hapohapo: “faute” ni kosa, na “faute de” ni kwa kukosa kitu fulani. Ni mara chache neno la lugha moja kuafikiana na neno la lugha nyingine kwa maana zote mbili, na kwa sababu hiyo mimi humshauri kila mfasiri alifasiri “faute” kuwa kosa bila wasiwasi, na ailinde hatia kwa ajili ya “culpabilité”.

Asili, pamoja na uzuri wake, si hakimu wa maana ya leo. Kwa Kiarabu chenyewe, maneno mawili ya mzizi huo yamegawana kazi: khata' ni kosa lisilokusudiwa, na khati'a ni tendo ambalo mtu hulibeba dhambi yake. Katika Kurani, Sura ya An-Nisaa, aya ya 92 hulitumia lile la kwanza panapozungumziwa muumini aliyemuua mwenzake kwa bahati mbaya, na aya ya 112 hulitumia la pili panapozungumziwa mtu anayechuma khati'a kisha akamtupia asiye na lolote. Kiswahili kimelichukua hili la pili, lile zito. Kwa hiyo mtu asije akatuambia kwamba hatia ni kukosa shabaha tu, na kwamba kila aliyetiwa hatiani alikuwa amelenga vizuri.

Jinsi lilivyotufikia Katanga, na neno la Kibemba lililo jirani yake

Kiswahili kilifika huku kwa misafara ya biashara ya karne ya 19, wakati wa Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa Desemba 1891, kisha kikaimarishwa na wamisionari na kambi za migodi baada ya kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga kuundwa mwaka 1906 na mji wetu kuanzishwa mwaka 1910. Watu waliojifunza Kiswahili katika kambi hizo walikuja na lugha zao, na kosa, neno jepesi la Kibantu, ndilo waliloliona kuwa lao. Hatia wengi wetu tumelisikia kanisani kwanza, kinywani mwa Pilato anaposema haoni hatia kwa mtu aliyeletwa mbele yake, kabla hatujalisikia redioni. Limebaki kuwa neno la kitabuni, na neno la kitabuni huogopesha kuliko la nyumbani.

Waliokulia katika nyumba zenye Kibemba, kama mimi kwa upande wa bibi yangu, wana jambo jingine la kulichunga. Kwa Kibemba umulandu ni kosa, na pia ni kesi, na hata ukitaka kusema “kwa sababu ya” unasema pa mulandu wa. Neno moja limebeba kesi, kosa na sababu. Bibi aliposema mtu ana mulandu, hukuweza kujua kwa neno hilo pekee kama mtu huyo ameshtakiwa au amekosa, na ilikubidi uulize zaidi. Katika baraza la kijiji, ambako kila mtu aliyajua yaliyotokea, hilo halikuwa na madhara. Lakini mazoea hayo yakihamia katika Kiswahili cha mjini, kuwa na kesi na kuwa na hatia huwa jambo moja, na mtu anayeonekana akishuka kutoka parke asubuhi huwa amekwisha kuhukumiwa mtaani kabla ya saa sita.

Niongeze kwa ufupi kwamba anayetoka Kinshasa naye hupotea kwa upande wake: kwa Lingala kokosa ni kudanganya, na kwa hiyo ukimwambia kwamba fulani amekosa, anaweza kusikia kwamba fulani ni mwongo. Inafaa kumwuliza ameelewa nini.

Jiulize kwanza: je, nazungumzia tendo, hali, au maneno ya watu?

Hatia ina maana mbili katika Kiswahili sanifu, na zote mbili ni halali. Ya kwanza ni tendo lenyewe la kuvunja sheria, kama mtu anapouliza, “Alifanya hatia gani hata afungwe?” Ya pili ni hali ya mtu ambaye tendo hilo limethibitishwa kuwa lake, na hii ndiyo iliyo na nguvu leo, hasa katika lugha ya mahakama. Mimi hupendelea kuliacha tendo liitwe kosa, na hatia ibaki kuwa jina la hali, kwa sababu lugha yenyewe imeelekea huko. Tazama vitenzi vinavyoambatana na maneno hayo: kosa hufanywa, hutendwa, hurekebishwa, hurudiwa, hatia mtu huwa nayo, hupatikana nayo, huonekana nayo. Tena hatia imekuwa kama mahali, kwa kuwa tunasema kuwa hatiani na kutiwa hatiani, na kitenzi kutiwa kinaonyesha kwamba kuna aliyemtia. Hakuna mtu anayejikuta hatiani peke yake; kuna mamlaka iliyomweka humo, na msomaji mwangalifu ataiuliza ni ipi.

Mpangilio wa sarufi si mgumu. Hatia iko katika ngeli ya nyumba na habari, kwa hiyo ni hatia hii, hatia yake, hatia zao. Na tendo analohukumiwa mtu hufuata kwa kiunganishi ya, au kwa neno kwa baada ya hatiani: amepatikana na hatia ya wizi, wametiwa hatiani kwa kughushi. Kwa mtu asiyehusika, Kiswahili hutumia ukanushi tu: asiye na hatia.

Baada ya hapo liweke neno lako kwenye majaribio kwa kulibadilisha na jirani zake, mmoja baada ya mwingine, usikilize maana inavyosogea. Ukiweka dhambi mahali pa hatia, na sentensi ikabaki sawa, basi unazungumzia uhusiano wa mtu na Mungu, na neno dhambi, ambalo wengi wetu hulitamka zambi, ndilo linalofaa. Nalo pia ni la Kiarabu, kutoka dhanb. Ukiweka lawama, na sentensi ikabaki sawa, basi unazungumzia maneno ya watu wanaomnyoshea mtu kidole, ambayo yanaweza kuwa ya haki au ya uonevu. Mtu anaweza kubeba lawama ya mtaa mzima bila chembe ya hatia, kama ambavyo mtu mwingine anaweza kuwa na hatia kamili wala asilaumiwe na yeyote, kwa kuwa ana fedha. Ukiweka deni, na maana ikasimama, unazungumzia kinachotakiwa kulipwa. Wakristo wanaotumia Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 wanalijua hilo, kwa sababu katika Mathayo 6:12 huomba wasamehewe deni zao, ilhali Wakatoliki katika sala hiyohiyo huomba wasamehewe makosa.

Tofauti hii ya kosa na hatia ina kazi kubwa kwenye ajali za barabarani, na nitakaa hapa kidogo. Kanuni yetu ya madai, kitabu cha tatu, cha tarehe 30 Julai 1888, katika kifungu cha 258, husema kwamba tendo lolote la mtu linalomletea mwingine hasara humlazimu yule ambaye kwa kosa lake hasara hiyo imetokea aifidie. Neno lililomo ni “faute”, wala hamna “coupable”, yaani mwenye hatia. Dereva aliyebomoa ukuta wa jirani anadaiwa ukuta, na hapo maneno ya kutumia ni kosa, hasara na fidia. Kumwita mwenye hatia ni kumpandisha daraja ambalo kifungu hicho hakijamweka. Lakini kama ameumiza mtu, tunahamia kwenye Kanuni ya adhabu ya tarehe 30 Januari 1940, na huko kifungu cha 52 kinamwita “coupable” hata yule aliyesababisha kifo au jeraha kwa kutokuona mbele au kwa kutojihadhari tu, bila kukusudia kumdhuru mtu. Hapo hatia ndilo neno, ingawa moyo wake haukutaka ubaya. Familia nyingi hushindwa kupatana kwa sababu hii: upande mmoja unalia kwamba mtoto wao hakukusudia, na kwa hiyo hana hatia, upande wa pili unasikia kwamba kifo cha ndugu yao kinafanywa si kitu. Msuluhishi akiwaeleza kwamba kutokukusudia huondoa ukatili bila kuondoa hatia ya uzembe, mazungumzo hupata mahali pa kuanzia.

Katika usuluhishi wa nyumbani, kwa upande wangu, ningelizuia kabisa neno hatia lisiingie ukumbini mpaka pande zote mbili zimesema. Wahenga walikwisha kuonya kwamba msema pweke hakosi. Mwache kijana aseme “nimekosa”, au “nimekukosea, baba mkwe”, maana kitenzi hicho kina mlango wa kutokea: aliyekosa anaweza kurekebisha, kuomba radhi, kulipa. Wakatoliki wanaosali kwa Kiswahili cha Afrika Mashariki hupiga kifua wakisema “nimekosa mimi”, mahali ambapo Kilatini kina “mea culpa”. Walioifasiri sala hiyo walichagua kitenzi cha mtu anayekiri tendo lake, nami naona walichagua vyema.

Kisha jiulize: jambo limefikia hatua gani, na nani amelisema?

Hili ndilo swali lililomponza jirani yangu, nalo ndilo ningependa kila mfasiri alibandike ukutani. Sheria hubadilisha jina la mtu kadiri kesi inavyosogea, na Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kila hatua. Anayedhaniwa tu ni mshukiwa. Anayechunguzwa na parke kwa tuhuma iliyoelekezwa kwake, ambaye Kifaransa cha mahakama zetu humwita “inculpé”, ni mtuhumiwa. Aliyefikishwa mbele ya tribinali (mahakama), ambaye Kifaransa humwita “prévenu”, ni mshtakiwa. Ni yule tu ambaye tribinali imekwisha kutamka hukumu dhidi yake ndiye aliyepatikana na hatia au aliyetiwa hatiani. Vivyo hivyo kwa wanaoshikiliwa: anayengoja kesi yake ni mahabusu, na anayetumikia adhabu ni mfungwa, wote wawili wanaweza kulala katika gereza moja la Kasapa, lakini kumwita mahabusu mfungwa ni kumnyang'anya kesi yake.

Kosa la kulifasiri “inculpé” kwa kufuata mzizi linaeleweka. Kweli “culpa” imo ndani yake, kama ilivyomo ndani ya “coupable”. Lakini “inculpé” ni mtu ambaye kosa limeelekezwa kwake, na “coupable” ni mtu ambaye limekwisha kumkaa. Katikati ya maneno hayo mawili kuna mashahidi, kuna vielelezo, kuna avoka (wakili), kuna hakimu, na kuna miezi mingi.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inatupa msaada mkubwa, na mfasiri yeyote angefaa kujifunza kifungu chake cha 17 kwa Kiswahili ili asikitafute siku ya haja. Maneno yake ya mwisho nayafasiri hivi: kila mtu anayeshtakiwa kwa kosa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka hatia yake ithibitishwe kwa hukumu ya mwisho. Angalia jinsi kosa na hatia yanavyokaa katika sentensi moja bila kugongana: kosa ndilo linalodaiwa, na hatia ndiyo inayongojwa. Kifungu hichohicho husema kwamba mtu hawezi kufuatiliwa, kukamatwa wala kuhukumiwa kwa tendo la mtu mwingine, jambo ambalo lafaa kusemwa kwa sauti katika mitaa ambako kaka huchukuliwa badala ya mdogo wake aliyekimbia. Hatia haiambukizwi kwa damu wala kwa jina la ukoo. Nacho kifungu cha 18 kinaamuru kwamba anayekamatwa aelezwe papo hapo sababu za kukamatwa kwake na kila shtaka linalomhusu katika lugha anayoielewa, na kwamba muda wa kumshikilia polisi kabla ya kumwachilia au kumfikisha mbele ya mamlaka ya sheria usizidi saa 48. Maneno “lugha anayoielewa” yanatuhusu sisi moja kwa moja. Kwa mtu wa Katuba au wa Ruashi lugha hiyo mara nyingi ni Kiswahili, na kama Kiswahili alichopewa kimesema hatia mahali ambapo sheria imesema tuhuma, basi hakuelezwa, ametishwa.

Kuna tuhuma ambazo hazifai hata kuingizwa katika mpangilio huu, na sitazipita kimya. Mtoto anapoitwa mulozi, yaani mchawi, kwa sababu baba yake amepoteza kazi, hakuna tendo lililotajwa, hakuna shahidi wala kielelezo, na kwa hiyo hakuna kosa wala hatia. Kilichopo ni masingizio, na kitenzi chake ni kusingizia. Katiba, katika kifungu cha 41, inakataza kuwatuhumu watoto uchawi na inaamuru tendo hilo liadhibiwe. Mtangazaji anayesoma habari ya namna hiyo na asiseme kwamba mtoto “amepatikana na hatia ya ulozi”, hata kama ndivyo familia ilivyomwambia. Aseme kwamba amesingiziwa. Hapo anayevunja sheria ni yule anayetamka neno lile.

Kesi ikimalizika, uangalifu haujaisha. Tribinali ikimwachilia mtu, andika kwamba hakupatikana na hatia au kwamba ameachiliwa huru, wala usiandike kwamba “amesamehewa”, kwa maana msamaha hupewa aliyekosa. Ikimtia hatiani, taja tribinali, taja kosa, taja tarehe, na kama ana nafasi ya kukata rufaa liseme hilo katika sentensi hiyohiyo, kwa sababu Katiba imetaja hukumu ya mwisho, na hukumu ya ngazi ya kwanza bado inaweza kupinduliwa.

Neno la moyoni

Limebaki jambo dogo ambalo siku hizi nalisikia sana kwa vijana wanaofasiri mahubiri na vipindi vya ushauri kutoka Kifaransa. Wanasema “najisikia hatia”, wakifuata “se sentir coupable” neno kwa neno. Inaeleweka, lakini inachanganya hali ya sheria na maumivu ya moyo, na Kiswahili kilikuwa na maneno yake tangu zamani. Mtu aliyekosa akakosa usingizi, dhamiri inamsuta, au nafsi inamsuta. Asiyekosa lakini anajiona ndiye sababu, kama mama aliyefiwa na mtoto akidhani angefika hospitali mapema, anajilaumu. Tofauti ya hayo mawili ni kubwa kwa anayefariji. Kumwambia mama huyo “usijisikie hatia” ni kulileta neno la mahakama kwenye matanga. Kumwambia “usijilaumu, mama” ni kumwondolea kile hasa alichojibebesha.

Jirani yangu hakulipa. Tulikaa naye mezani, nikaligeuza neno lile la “hatia” ambalo msomaji wa kwanza aliliandika kwa kalamu ya risasi pembeni ya karatasi, nikaandika juu yake “mtuhumiwa: anachunguzwa, bado hajashtakiwa mbele ya tribinali”, naye akaniomba niongeze na saa na siku ambayo mwanawe anatakiwa kufika, kwa herufi kubwa, ili asomewe tena nyumbani na mdogo wake ambaye bado yuko darasa la sita.